Pale Unapokisia, Piga Chaki

Fundi Tumpe Mwakalobo alibomoa ukuta ulionyooka mara mbili, na mara zote mbili mafundi kumi na wanane walishika nyundo wakatii. Si kwamba hawakuwa na macho. Timazi nayo ilikuwepo, imening'inia imetulia, ikisema ukuta uko sawa. Lakini katika milima yote ya Rungwe hakuna mwashi aliyewahi kubishana na jicho la Tumpe akashinda.

Alikuwa na namna yake. Alifika kwenye kona, akachuchumaa, akafumba jicho la kushoto, akalaza shavu karibu na jiwe, na jicho la kulia likaupitia ukuta mpaka mwisho. Kasoro ya unene wa punje ya mchele aliiona kwa hatua thelathini. Akiridhika alisimama, akakung'uta magoti, akasema, "Pako sawa." Hapo ndipo watu walipoweka miko chini. Na jiwe ambalo halijagongwa kwa nyundo likasikilizwa mlio wake, alilipiga chaki nyeupe. Juu ya chaki ya Tumpe hakuna aliyethubutu kuweka jiwe jingine.

Mara ya tatu, Ambakisye Mwaisumo hakuinua nyundo. Alikuwa mwanafunzi wake tangu ana miaka ishirini, na sasa alikuwa msimamizi wa mafundi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni.

"Mama," alisema, na siku hiyo hakumwita Fundi, "ukuta huu hauna tumbo, haujavimba popote. Nakuomba ufumbe jicho la kulia, uutazame kwa la kushoto."

Tumpe alimkodolea macho. Kisha, kwa hasira ya mtu anayekwenda kumwaibisha mbishi, akachuchumaa na kufumba jicho la kulia. Ukuta ulikuwa umenyooka. Akafumba la kushoto, ukuta ukatoa tumbo. Akabadilisha tena, na tena, kisha akakaa juu ya rundo la mawe. Alikuwa na miaka sitini na mitano, na kuta mbili nzuri zilikuwa zimelala chini kwa amri yake.

*

Binti yake Atuganile, daktari wa macho aliyesomea pia uhandisi, alimsimamisha mbele ya dirisha la jikoni lililowekwa wavu wa mbu.

"Ziba jicho la kushoto, mama. Kaza jicho kwenye hiki kifundo cha katikati, usilihamishe. Vijumba vya wavu vikoje?"

"Vimepinda. Na katikati pana doa, kama mtu kapachika kidole chenye masizi."

"Sasa ziba la kulia."

"Hapa viko sawa." Tumpe akasita. "Isipokuwa hiki kimoja. Kinachezacheza."

Atuganile alimkalisha kwenye kigoda, akamweleza pole pole. Nyuma ya jicho kuna kitovu kidogo kama punje ya mtama. Hicho ndicho kinachosoma, kinachotunga uzi kwenye sindano, kinachotambua sura ya mtu. Kwa baadhi ya watu umri unakila. Taka zinarundikana chini yake, na kwa wengine mishipa dhaifu inaota na kuvuja.

"Kama unyevu unaopanda kwenye msingi," alisema Tumpe.

"Hivyo hivyo. Jicho lako la kulia lilianza kuvuja zamani, la kushoto likawa linalibeba, ndiyo maana jikoni na kanisani hukuona tofauti. Ulipolitumia peke yake ndipo lilipojionyesha. Mtu mwingine angelaumu jicho. Wewe ukalaumu ukuta."

Tumpe alicheka, japo hakupenda. "Nitapofuka?"

"Giza totoro, hapana. Pembeni patabaki. Utatembea, utaona kuku akiingia jikoni. Ila katikati, mama. Sura za watu, na kazi yako."

Hakuna aliyeweza kusema Tumpe hakupigana. Alivumilia sindano za ndani ya jicho, mwezi baada ya mwezi, bila kumshika mtu mkono. Aliacha sigara alizovuta miaka thelathini ili wanaume wa kazini wasimwone mgeni, kwa kuwa Atuganile alimwambia waziwazi kwamba moshi ule ulimharakishia maradhi. Alivaa kofia pana juani. Alikula majani ya maboga na mchicha na samaki hata majirani wakamtania kwamba anataka kuota mizizi. Na kila asubuhi alisimama mbele ya wavu wa dirisha, jicho moja moja. Watu walipenda kumwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba mwashi anaweza kufikisha umri ule bila kuisikia methali hiyo, naye aliwajibu kuwa yeye anaziba, wao je, mara ya mwisho wamepimwa lini.

Jicho la kulia lilikuwa limechelewa. La kushoto lilimpa miaka miwili zaidi ya kuona vizuri, na miaka hiyo aliitumia kumfundisha Ambakisye kila alichojua.

Kisha Atuganile akatengeneza kiraka.

Jina hilo walilitoa wazee wenyewe waliowekewa, maana jina la kitaalamu lilikuwa refu kama jina la dawa. Ulikuwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliolazwa nyuma ya jicho juu ya sehemu iliyokufa. Kiraka chenyewe hakioni. Kinapokea kile kinachoonwa na pembe za jicho, kinakumbuka kilichopita hapo nukta chache nyuma, kinajifunza mazoea ya mwenye jicho, kisha kinajaza katikati. Siku bandeji ilipofunguliwa Tumpe alimwona binti yake sura nzima, anatabasamu, na akalia mbele ya wauguzi bila haya. Alikuwa mtu wa pili duniani kuwekewa. Miaka minne baadaye wazee elfu nne walikuwa nacho, na picha yake Tumpe, ameshika timazi, ilitundikwa ukutani kliniki.

Kila asubuhi aliendelea kusimama mbele ya wavu. Vijumba vilikuwa vimenyooka, kila siku, bila kukosa. Alijivunia jambo hilo.

*

Mwaka huo wa 2071 saruji ilikuwa marufuku kwenye majengo ya umma, watu wamerudi kwenye mawe na chokaa, na mikono ya chuma ndiyo iliyopanga mawe. Lakini palikuwa na Sheria ya Jicho la Mwisho. Ilitungwa baada ya mashine mbili kukubaliana kwenye kosa moja na paa la soko kushuka. Tangu hapo hakuna jengo lililofunguliwa mpaka fundi mwenye damu alikague na kutia saini, na mkoani kwao fundi huyo alikuwa Tumpe.

Jumatano asubuhi alipanda kilima cha Ilundo kukagua tangi jipya la maji ya mvua. Lilikuwa kubwa kupita yote aliyowahi kukagua, ukuta wa mawe meusi ya volkano uliojikunja kuzunguka maji, na chini yake mteremkoni palikuwa na shule ya msingi na nyumba mia mbili. Mashine zilikuwa zimepima Jumatatu, tangi likiwa tupu, zikasema sawa. Jana yake maji yalikuwa yameingizwa nusu. Kesho yake wageni wa wizara wangekuja kulifungua, na miongoni mwao Bi. Shekiondo, mkuu wa jopo la vifaa vya tiba, aliyetaka kumwona kwa macho yake huyo mama wa kiraka kabla ya kukiidhinisha kwa nchi nzima.

Tumpe alichuchumaa, akafumba jicho la kushoto, akapitisha la kulia juu ya mawe. Ukuta ulikuwa na mkunjo safi kama ukingo wa chungu. Alijisikia raha iliyojaa kifua, raha ya kazi ya watu wake iliyofanywa ikakamilika.

Akasimama kusema neno lake. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea tu, ulikuwa ukipita juu ya jiwe kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Ukasimama.

Palikuwa na tumbo. Vidole viwili, pengine zaidi. Alitazama pale kiganja kilipo: ukuta sawa. Akapapasa: tumbo. Akageuza kichwa kama anaangalia bonde, na kwa pembe ya jicho, mahali ambapo kiraka hakifiki, akaliona, limevimba wazi, hata mtoto angeliona. Akalirudishia jicho, likatoweka.

Ilikuwa imemtokea tena, safari hii kinyumenyume. Zamani jicho lilipinda ukuta ulionyooka. Sasa lilikuwa limenyoosha ukuta uliopinda. Kiraka kilikuwa kimejifunza kwake, miaka minne, kwamba kuta hunyooka.

"Ambakisye," aliita kwa sauti ya kawaida. "Fungua maji yatoke. Yote. Na mtu akimbie shuleni, watoto wahamie uwanja wa juu sasa hivi. Kuna tumbo hapa."

Walikimbia bila kuuliza. Mashine zikapima upya: sentimita nne, na zinaongezeka. Maji yalipokwisha kushuka na watoto wamesimama uwanjani wakihesabiwa na walimu, wote wazima, mafundi walimzunguka Tumpe wakipiga makofi. Mmoja aliwasimulia walimu jinsi mama huyu alivyoona kwa jicho kitu ambacho mashine hazikukiona. Ambakisye alimshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, Mama," alimshukuru kwa Kinyakyusa, machozi yakimlengalenga. "Jicho lako limewaokoa watoto."

Tumpe aliiacha sifa hiyo ipite, nayo ilimuuma kuliko sindano yoyote ya jicho.

*

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Atuganile alikuwa jikoni, amesimama mbele ya dirisha, na sauti yake ilikuwa inaruka.

"Shikamoo, mama. Bi. Shekiondo kanipigia mwenyewe. Anasema baada ya haya hana swali tena, kesho anatia saini palepale tangini. Nchi nzima, mama. Mzee yeyote, bila kulipa."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Tumpe alimsimulia, hakuacha kitu. Atuganile alisikiliza, na Tumpe alipomtazama alimwona anatabasamu vilevile, tabasamu lake la tangu utotoni.

"Sasa hivi unatabasamu," alisema Tumpe. "Ni kweli?"

"Hapana, mama."

Tumpe aliinamisha kichwa.

"Mwanzoni nilikiachia pengo," alisema Atuganile hatimaye. "Mtu wa kwanza alikuwa Mzee Anyosisye, unamkumbuka. Pale ambapo kiraka hakikuwa na hakika nilipaacha peupe. Alilia. Akaniambia nimemwekea kidonda usoni pa mkewe. Nikaufuta ule weupe, nikakiachia kijaze kote. Wewe ulipofungua macho ukaniona sura nzima, ukalia kwa furaha, nikasema hivi ndivyo inavyopasa kuwa."

"Ulimhurumia."

"Niliwahurumia wote. Na leo ukisema, kitafungiwa. Wazee elfu nne watarudi kutotambua wajukuu zao. Tumbo umelipata, watoto wazima. Niache nirekebishe kimya kimya. Nani ataumia?"

Swali lilikuwa la haki. Alikuwa anampenda mtoto huyu kuliko jina lake mwenyewe, na jina lake alilipenda sana.

"Nimetia saini majengo kumi na manne nikiwa na kiraka," alisema. "Ninayajua yote, na watu walio chini yake ninawajua. Huko kwingine kuna mkunga anayetazama rangi ya kitoto kichanga, kuna mwenye duka la dawa anayesoma chupa. Hawana mkono wa mwashi wa kuwashtua. Mficha maradhi, Atu, kifo humuumbua. Tena mara nyingi kinaanza na wengine."

"Kwa hiyo nikirudishe kile kidonda usoni pa watu?"

"Wewe umelelewa kwenye vumbi la chokaa. Jiwe nisilokuwa na hakika nalo nililifanyaje?"

Atuganile akasema polepole, "Ulilipiga chaki."

"Basi. Kuna aliyewahi kulia kwa sababu ya chaki?"

*

Alhamisi wageni walikusanyika chini ya tangi tupu. Bi. Shekiondo, mwanamke mwembamba wa sauti tulivu, alikuwa amebeba karatasi zake. Walimkaribisha Fundi Tumpe aseme neno, na makofi yalichukua muda kuisha.

"Mimi sikuliona tumbo la ukuta huu," alisema. "Nililigusa. Jicho langu liliniambia pako sawa, na ningelisikiliza jicho, leo tungekuwa tunazika."

Hakuna aliyesogea. Alieleza yote, namna kiraka kinavyokisia na namna kinavyomwonyesha mtu kile alichozoea kutarajia. Alitaja majengo kumi na manne moja moja kwa majina, akaomba yapimwe upya kuanzia siku hiyo.

"Kiraka ni kitu kizuri. Aliyekitengeneza ni mwanangu, yule pale, na sitamwonea haya mbele ya mtu yeyote. Kimenirudishia dunia. Lakini kinakisia bila kupiga chaki. Sisi waashi tukikisia tunapiga chaki, kila mtu ajue hapa hapajagongwa. Chaki haina aibu. Na mtu akiniuliza kama mimi bado ni jicho la mwisho, jibu ni hapana. Jicho la mwisho nimelifundisha mwenyewe, linaitwa Ambakisye Mwaisumo, na lina mikono."

Atuganile alisimama kabla hajaitwa. Alisema makosa ni yake, akamwomba Bi. Shekiondo asitie saini, ampe miezi mitatu, na wazee wote elfu nne waarifiwe wiki hiyohiyo wasitegemee kiraka kwenye jambo lenye uhai wa mtu.

Bi. Shekiondo alizikunja karatasi zake. "Miezi thelathini nimekuwa kwenye kazi hii," alisema, "na kila anayekuja mbele yangu ananiambia kifaa chake hakina kasoro. Miezi mitatu mmepata."

Safari hii hakukuwa na makofi. Mafundi kumi na wanane walivua kofia zao, mmoja baada ya mwingine, na Tumpe, ambaye hakuweza kuwa na hakika na sura zao, aliiona mikono ikipanda kwa pembe ya jicho. Ilimtosha. Alishuka kilima akiwa amenyoosha mgongo kuliko alivyokipanda.

*

Majengo kumi na matatu yalikutwa salama. La kumi na nne, daraja la waendao kwa miguu, lilikuwa na kona iliyotoka nje, na Ambakisye aliifungua akaijenga upya kwa siku tisa. Tumpe alikwenda kila siku, akakaa na wapita njia upande wa pili, akawaambia bila kuzungukazunguka kwa nini wanazungushwa.

Mwezi wa tatu ulipotimia, Atuganile alimkalisha mama yake kwenye kigoda kilekile, asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la wavu. Alikuwa amewaomba wazee wenyewe wachague namna ya chaki, na Mzee Anyosisye ndiye aliyesema iwe nyembamba, iwe kama vumbi, ili mtu aone kilichokisiwa na ajue kwamba kimekisiwa. Mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa Tumpe.

"Tayari, mama?"

"Mimi mwashi. Washa."

Tumpe aligeukia wavu kwanza. Kwa miaka minne ulikuwa umenyooka bila kukosa. Sasa katikati ya vijumba palikuwa na vumbi jeupe, pana kuliko alivyodhani, pana kuliko alivyotaka. Alilitazama bila kupepesa. Kwa hiyo huo ndio ukubwa wa kilichopotea. Alikuwa amelipigania jicho hilo kwa sindano na mchicha na kofia, na lililobaki kulizunguka lile vumbi lilikuwa lake kwa haki.

Kisha akamgeukia binti yake. Aliziona nywele, masikio, ukosi wa koti la kliniki. Usoni palikuwa na chaki, na chini ya chaki kwa mbali, tabasamu.

Mahali palipopigwa chaki fundi haamini mpaka aguse. Tumpe alinyoosha mkono, kile kiganja kilichokwaruzwa na mawe miaka arobaini, akakipitisha polepole kwenye paji la uso, puani, kwenye shavu lililolowa machozi, mpaka mdomoni. Alibakia hapo kidogo, ili awe na hakika.

"Pako sawa," alisema.